Land Rover Series III: Usizibe Tundu la Hendeli!

Sikieni hiyo. Tak! Tak! Basi, imeishia hapo. Betri imechoka, stata haizunguki hata robo. Ungekuwa na gari la kisasa lenye gia za otomatiki huku mlimani, saa hizi ungekuwa unatafuta mtandao umpigie fundi. Sisi leo tunaliwasha kwa mkono, na video haikatwi, mtaona kila kitu. Kaeni hapo hapo.

Karibuni tena jamani. Nawasalimu kutoka Mbale, na huo mlima mnaouona nyuma yangu ni Wanale. Salamu kwa watu wa Arua, wa Moroto, na ndugu zetu wa Bunia na Kitale mnaoandika maoni kila wiki. Gari la leo ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25. Ni la mzee mmoja hapa mjini, anataka kuliuza. Ameniachia ufunguo kwa sharti moja tu, nisichubue rangi. Bei nitaitaja mwishoni, kwa hiyo tulieni.

Namba sitawasomea zote. Zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, bodi aluminiamu, springi za vyuma bapa mbele na nyuma, breki za drami magurudumu yote manne. Hayo mnayajua. Na wale mnaoniandikia kila siku "haishiki kutu," ni bodi ndiyo haishiki. Chesisi ni chuma, nayo huliwa kutoka ndani, kule ambako matope ya mwaka jana bado yamekaa. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga taratibu kuelekea nyuma. Mlio ukibadilika, rudi ukaongee bei upya.

Haya, twende kwenye jambo lililonileta. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa mbele, chini kidogo. Hapo kwenye bampa. Mnaliona hilo tundu? Watu wanadhani ni la kufungia kamba. Hilo ni tundu la hendeli! Chuma chake hiki hapa, kirefu, kimepinda mara mbili, hukaa nyuma ya viti. Unakipitisha hapa, kinaingia ndani mpaka kinashika meno yaliyo kwenye ncha ya kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Umesikia? Klak. Sasa mkono wangu na injini ni kitu kimoja.

Ngoja, kabla hujazungusha. Gia iwe huru, narudia, gia iwe huru! Handibreki juu. Lakini handibreki ya gari hili haishiki magurudumu, inashika shafti inayokwenda difu ya nyuma, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Kwa hiyo gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, gari linaweza kuondoka na handibreki yako iko juu vizuri kabisa. Ndiyo maana nimeweka mawe mbele ya matairi. Ukiwa unapiga hendeli, umesimama mbele ya gari. Fikiria hapo.

Ufunguo, washa. Taa nyekundu imewaka? Safi, hiyo ndiyo tunayoitaka. Kuna mtu aliuliza juzi, je, unaweza kutoa betri kabisa? Hapana, kaka. Koili inahitaji umeme ili plagi zitoe cheche. Ila koili inakula ampea chache tu, wakati stata inataka mia na zaidi. Betri iliyochoka hivi haiwezi kuzungusha injini lakini koili inaimudu. Chokia, kile kivuto cha kuongezea injini petroli, kiwe nje, maana asubuhi hapa kuna baridi.

Sasa mkono. Kamera isogee, hili ni muhimu kuliko yote. Kidole gumba kisizunguke chuma! Kiweke upande mmoja na vidole vingine, hivi. Cheche ikipigwa mapema, injini inarudi kinyume kwa nguvu, na gumba lililofungwa linavunjika, au kifundo cha mkono. Na usisukume kwenda chini kama unayetwanga. Unavuta kutoka chini kwenda juu, upande wako wa kushoto, ili hendeli ikirudi nyuma itoke mkononi mwako yenyewe. Nazungusha polepole kwanza... hapo imekuwa nzito. Hiyo ni kompresheni, hewa na petroli vinabanwa ndani ya mtungi. Narudisha hendeli chini, nashika, navuta kwa ghafla...

Bado. Tena.

Eeeeh! Sikia hiyo! Sikia inavyonguruma! Na umeona hendeli? Imejitoa yenyewe, yale meno yamekatwa mshazari, injini ikikimbia kuliko mkono wako yanakusukuma nje. Watu walikaa wakafikiria hiyo.

Zima chokia kidogo... sawa. Iache ingurume, alterneta iijaze betri.

Sasa niseme linaloniudhi. Karibu kila Series inayopelekwa kwa mafundi ili iwe "gari la porini", kitu cha kwanza ni bampa kubwa la chuma lililochomelewa Katwe, Kampala, na winchi ya umeme katikati, ile mashine ya kujivutia kwa kamba ukikwama. Tundu limezibwa! Umenunua winchi inayokunywa betri, kisha umeziba njia ya kuwasha gari ukiwa peke yako betri ikichoka. Zamani walikuwa na winchi ya ngoma iliyochukua nguvu pale pale kwenye ncha ya kranki, haikuomba betri kitu. Siwakatazi winchi, jamani. Ifungwe juu zaidi, au fundi aache nafasi ya chuma kupita. Ni kazi ya kupima tu kabla ya kuchomelea. Kuna karakana moja niliwaambia hivyo wakanicheka, wakasema siku hizi kuna waya za kuazimia umeme. Kuazima kwa nani, ukiwa kwenye udongo mweusi wa Kaabong mvua ikinyesha?

La pili, kuweka injini ya dizeli ya Toyota. Naelewa, kweli. Petroli hii inakula, lita 15 kwa kilomita 100 ukiwa mpole, na huku mlimani sahau upole. Lakini hendeli unaiaga. Hata dizeli ya Land Rover yenyewe ina kompresheni ya 23 kwa 1, ilhali petroli hii ni kama 8 kwa 1. Jaribu kuizungusha hiyo dizeli kwa mkono kisha uniandikie, kama mkono bado unaandika.

Matairi, kwa haraka. Hili lina 7.50 za inchi 16, nyembamba. Vijana wanataka mapana. Kwenye utelezi mwekundu wa Elgon, tairi jembamba linakata matope linatafuta ardhi ngumu chini, pana linaelea juu kama ngalawa. Na ukiweka makubwa sana, hafu shafti za nyuma za hii fupi, zile zinazozungusha magurudumu, hazitakuvumilia.

Najua, najua, wa Land Cruiser mmeshaanza kuandika. FJ40 ina injini ya mitungi sita, inapanda barabara ya Kapchorwa bila kulalamika, spea zinapatikana kirahisi. Nakubali. Kwa breki pia zile za baadaye zinanishinda, maana kuteremka kutoka Sipi na drami hizi ukiwa na mzigo ni kushusha gia mapema na kuomba Mungu. Kusema kweli, gari hili lingekuwa langu ningebadilisha breki za mbele ziwe za diski, na labda nifunge ovadraivu pia, ile gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, makelele yapungue kwenye lami ya kwenda Tororo. Kwa hiyo msiseme nachukia kubadilisha magari. Nachukia fundi asiyeuliza kitu kilikuwa cha nini kabla ya kukikata.

Bei sasa. Tangu sheria ya 2018 ifunge mlango wa kuingiza magari yenye zaidi ya miaka 15, wenye magari ya zamani hapa Uganda wamepandisha vichwa. Mzee anataka milioni 18. Mimi ningemwanzia 12, kwa sababu sili ya giaboksi inadondosha oili, springi ya nyuma kulia imekaa chini, na kadi ya gari bado ina jina la mwenye gari wa kwanza. Hilo la kadi msilichukulie mzaha, limalizeni kabla pesa haijatoka mfukoni.

Jumamosi naleta Suzuki SJ410, kadogo lakini kana kiburi, bonyezeni kengele. Na wewe mwenye Series, nenda sasa hivi uangalie nyuma ya viti kama hendeli yako bado ipo, uniandikie hapo chini. Mdogo wangu, zima kamera, mzee anakuja na bado sijafuta alama za vidole kwenye boneti.