Kitabu cha kemia cha kielektroniki: kizuri kusoma, kibovu kufundishia (nyota 2 kati ya 5)

Nilikinunua kwa ajili ya darasa langu la kidato cha tano hapa Dodoma, kutoka duka la mtandaoni la ng'ambo, kwa bei inayokaribia kabisa ya kitabu cha karatasi. Kilichomo ndani sina neno nacho. Michoro inaonekana vizuri hata kwenye simu ya kioo kidogo, na majibu ya mazoezi yamefafanuliwa hatua kwa hatua, kiasi kwamba mwanafunzi aliyekosea anaona alipoteleza.

Shida ni kukitumia kama mwalimu. Nilitaka kuchapa kurasa mbili za titresheni (jaribio la kupima nguvu ya myeyusho kwa kuudondoshea mwingine) nizibandike ukutani maabara, programu ikakataa. Nikanakili swali kwa ajili ya mtihani wa majaribio. Baada ya mistari michache likaja onyo kwamba nimefikia kikomo. Mwalimu mwenzangu wa eneo la Kikuyu, hapa hapa Dodoma, aliomba nimwazime wikiendi moja, nikaona hakuna namna isipokuwa nimpe simu yenyewe. Nilipobadilisha simu ndipo mambo yakaharibika kabisa: kitabu kiligoma kufunguka mpaka nikawaandikia huduma kwa wateja. Walijibu kwa adabu, wakanionyesha masharti. Nilicholipia ni leseni ya kusoma, haihamishiki, fedha hairudishwi, na mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za kwao.

Muuzaji hakuyabuni haya peke yake. Mkataba wa Hakimiliki wa 1996 wa WIPO, yaani Shirika la Miliki Bunifu Duniani, unazitaka nchi wanachama ziwazuie watu kuvunja kufuli za kidijitali, yaani vizuizi vya programu kama hivi vilivyonikatalia kuchapa na kunakili. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1998, kisha ikaliingiza sharti hilo kwenye mikataba yake ya biashara na nchi nyingine, Moroko ikiwamo. Kufuli likapata ulinzi wa kimataifa. Haki ya mnunuzi kuazima au kuuza alichokilipia haikupata ulinzi kama huo. Hata TRIPS, mkataba wa 1994 wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, uliiachia kila nchi ijiamulie.

Kwa kitabu cha karatasi hali ni tofauti sana. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa akiletewa vitabu vya kiada vya bei nafuu kutoka kwao na kuviuza Marekani. Nakala halali ukishainunua ni yako, popote ilipochapwa. Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kitabu cha kielektroniki hukiuzi tena bila ruhusa ya mwenye hakimiliki. Yaani maandishi ni yaleyale, bei karibu ileile, haki pungufu.

Mwandishi alipwe, tena alipwe vizuri. Mimi nimelipa. Ninachodai ni nilichokilipia.

Na sisi tuna nafasi. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, imepewa na Shirika la Biashara Duniani hadi 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya TRIPS. Eneo Huru la Biashara la Afrika nalo lina itifaki ya miliki bunifu iliyopitishwa 2023. Wanaotuwakilisha kwenye meza hizo wawatetee na wanunuzi: kurasa za kufundishia zichapike, kitabu kimfuate mwenye nacho akibadilisha simu, na malalamiko yangu yasikilizwe na Tume ya Ushindani hapa nchini hata kama muuzaji yuko ng'ambo.

Nyota mbili ni za mwandishi na mchoraji. Kama unajisomea peke yako na simu yako huibadilishi mara kwa mara, nunua, utafaidi. Kama ni cha darasa au maktaba ya shule, agiza cha karatasi, hata toleo la nyuma, na kabla ya kulipia chochote cha kielektroniki muulize muuzaji kwa maandishi kama kinachapika na kinahamishika.