Walituzimia Sinners Kabla Haijaisha

Sijapata kukasirishwa na ukumbi wa sinema kama nilivyokasirishwa na ule wa hapa Dar es Salaam ulionionyesha Sinners mwaka 2025, ukapokea fedha yangu kamili na kunipa filamu pungufu. Sitautaja kwa jina, kwa kuwa sikusudii kumtia mtu mchanga kwenye kitumbua chake, na kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia mbele na ambayo yenyewe inaniudhi. Aliyekusudia kuitazama filamu hiyo na bado hajaitazama aishie hapa, maana malalamiko yangu hayaelezeki bila kusema namna mambo yanavyokwisha.

Mimi si mhakiki. Naingia sinema mara mojamoja, aghalabu mwisho wa juma nikishamaliza shughuli za nyumbani, na nikitoka nataka niwe na la kusimulia. Sinners niliichagua kwa ajili ya mwongozaji wake, Ryan Coogler, yule yule aliyetuletea Black Panther mwaka 2018, na kwa heshima yake nilikuwa tayari kuvumilia habari za wanyonya damu, ambazo kwa kawaida hunichosha mapema. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanarejea kutoka Chicago hadi Clarksdale, jimboni Mississippi, mwaka 1932, wakiwa na fedha ambazo ni heri mtu asiulize zilikotoka. Wananunua kiwanda kikuukuu cha kupasulia mbao na siku hiyo hiyo wanakigeuza ukumbi wa muziki na pombe kwa ajili ya watu weusi wanaoshinda katika mashamba ya pamba. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, anapiga gitaa na kuimba bluzi, muziki ambao baba yake anauona ni njia ya kumkaribisha shetani nyumbani.

Hapo katikati pana kipande ambacho, pamoja na hasira zote nilizo nazo, siwezi kukinyamazia. Sammie anaanza kuimba, na taratibu wanajitokeza miongoni mwa wachezaji watu wasiokuwa wa usiku ule: wanamuziki wa Afrika Magharibi wa zamani, mpiga gitaa la umeme wa miaka ambayo bado haijafika, kijana anayechezesha sahani za santuri, hata wachezaji wa China, kwa kuwa miongoni mwa wageni wamo Wachina wenye duka la pale mjini. Kamera inapita katikati yao bila haraka, muziki wa kila mmoja unaingia ndani ya muziki wa mwenzake, na besi ilitoka chini ya sakafu ikapanda hadi kwenye mbavu. Dada aliyeketi kulia kwangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitafuna bisi kwa kelele ya kuudhi, aliacha kutafuna. Ukumbi ule unajua kupiga sauti, sina budi kusema hivyo.

Wanyonya damu nao, wakiongozwa na Remmick kutoka Ireland, hawawezi kuvuka kizingiti mpaka wakaribishwe na aliyemo ndani. Kila waliposimama mlangoni na kuomba kwa adabu, watazamaji wa kwetu walikuwa wakiwapigia kelele waliomo wasijibu, na mzee mmoja wa safu za mbele alisema kwa sauti kwamba hodi ya usiku haijibiwi ovyo. Nilifurahi sana. Hiyo ndiyo sinema ninayoijua, ya kutazamwa na watu.

Kulipokucha katika filamu, Sammie aliingia kanisani kwa baba yake akiwa na damu usoni na kipande cha gitaa lililovunjika mkononi, akaombwa akitupe, hakukitupa. Smoke alibaki peke yake kuwasubiri watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, akawamaliza, naye akafa kwa jeraha akimwona mkewe Annie na mtoto wao waliokwisha kutangulia. Majina ya watengenezaji yakaanza kupita, nami nikawa natafuta kitambaa mkobani. Ghafla taa zote zikawashwa, zile kali za juu kabisa, mlango wa pembeni ukafunguliwa, vijana wawili wakaingia na mafagio, na kabla sijakipata kitambaa kioo kikazimwa kikawa cheusi.

Kijana wa kwanza alisema, "Mama, picha imekwisha, tunaomba mtupishe tufanye usafi." Hapo sikuona ubaya, kwa kuwa kazi ni kazi na onyesho jingine lilikuwa linangoja. Nikamjibu kwa upole, "Mwanangu, tuachieni kidogo tusome majina, muziki wenyewe ulikuwa bado unapigwa." Alikuwa ameshapitisha fagio chini ya miguu yangu, akasema bila hata kuinua uso, "Majina ya Wazungu hayo, mama. Unamfahamu nani pale?" Mwenzake akacheka. Nikasimama nikatoka, kwa kuwa sikutaka kugombana na watoto mbele za watu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani.

Ningemjibu hivi. Aliyeandika na kuongoza filamu ile ni mtu mweusi wa Oakland, Annie ameigizwa na Wunmi Mosaku aliyezaliwa Nigeria, na upigaji picha uliongozwa na Autumn Durald Arkapaw, mwanamke wa kwanza kupiga filamu ndefu kwa mkanda wa IMAX, ule mpana wa vioo vikubwa. Hata wangekuwa Wazungu watupu, mtu aliyefanya kazi ana haki ya kusomwa jina lake na yule aliyelipa. Nilipotazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, watu walibaki vitini mwao majina yalipopita, wakinyoosheana vidole kwenye kioo kila walipoona la mtu wanayemjua, na hakuna aliyewapitishia fagio. Swali lake la nani ninamfahamu pale lilikuwa la dharau, lakini lina watu wengi wanaoweza kulijibu.

Hata hivyo dharau ningeisamehe. Jambo nisilolisamehe nililijua siku chache baadaye, mpwa wangu aliponiuliza, "Shangazi, ulimwonaje yule mzee wa mwisho?" Nikamuuliza mzee gani. Akanitazama kama mtu aliyetoka msibani bila kujua aliyefariki ni nani.

Kumbe majina yale yalikuwa yamepita kidogo tu, kisha filamu ikaendelea, na si kwa kichekesho cha kuburudisha wanaochelewa kutoka. Ni mwisho wenyewe. Tunapelekwa Chicago mwaka 1992, katika kilabu cha bluzi, na Sammie sasa ni mzee mwenye kilabu na jina. Anayemwigiza ni Buddy Guy, mpiga gitaa halisi aliyezaliwa Louisiana mwaka 1936, akahamia Chicago mwaka 1957, na ambaye ana kilabu chake cha bluzi mjini humo hadi leo. Yaani maisha ya Sammie yanaigizwa na mtu aliyeyaishi kwa kiasi kikubwa. Wanaingia wageni wawili ambao hawajazeeka hata siku moja: Stack na mpenzi wake Mary, waliogeuzwa wanyonya damu usiku ule. Stack anamwambia kwamba usiku ule Smoke hakumuua, bali alimwacha aende kwa sharti kwamba asimguse Sammie maisha yake yote. Anamwahidi uhai usiokwisha, mzee anakataa, kisha anawapigia gitaa kama zamani. Halafu anakiri kwamba usiku ule bado unamtesa, lakini kabla jua halijazama, ile ilikuwa siku bora kuliko zote alizowahi kuishi. Stack anakubaliana naye, kwa kuwa ndiyo siku aliyomwona ndugu yake kwa mara ya mwisho, na ndiyo siku aliyoliona jua kwa mara ya mwisho.

Fikirini sasa mimi nilitoka na nini. Mara ya mwisho nilipowaona mapacha wale pamoja, Smoke alikuwa amemwelemea Stack akiwa na mti wenye ncha mkononi, na baada ya hapo Stack hakuonekana tena. Nilitoka nikiamini kwamba pacha amemuua pacha mwenzake. Kazini nilieleza kwamba filamu ni nzuri lakini ina ukatili usio na faida, kwamba mwongozaji ameshindwa kuupa undugu ule mwisho unaostahili, na kwamba kwa maoni yangu Coogler alikuwa amechoka alipofika mwishoni. Kumbe aliyechoka ni mtu wa mitambo. Kwa kubonyeza kitufe kimoja alimfanya Smoke kuwa muuaji wa ndugu yake, akamnyima mzee yule siku yake bora, na akaniachia mimi kazi ya kuieneza habari hiyo ya uongo ofisi nzima.

Nilirudi kuonana na meneja. Alinisikiliza akiwa amesimama, jambo ambalo lilinionyesha mapema kwamba mazungumzo hayatakuwa marefu, akasema ratiba ya siku zile ilikuwa imebana, kwamba wao wameonyesha filamu yote na kilichobaki ni majina tu. Nilipomweleza kuhusu mwaka 1992 aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao, kwa kuwa nimekwisha kuitazama nyumbani kwa kulipia tena, mara ya pili, filamu ambayo yeye aliniuzia mara ya kwanza. Akaingia ofisini akatoka na kuponi ya soda.

Nimekulia kwenye vibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, televisheni moja na jenereta inayokohoa nje. Humo watafsiri wa aina ya Lufufu walizungumza juu ya sauti za waigizaji na kututilia vinywani mwa Wamarekani na Wahindi maneno ambayo hawakuyasema kamwe. Walituongezea mambo yasiyokuwamo, lakini mimi sikumbuki siku waliyotupunguzia.

Kilichonimaliza kabisa ni Superman. Ilikuja baadaye mwaka huo huo, mpwa wangu akanivuta tukaitazame, na kwa kuwa ukumbi wenye sauti ya kuridhisha ni ule ule, nikaenda kwa shingo upande. Filamu yenyewe ni nyepesi na ina roho nzuri, mbwa wake Krypto ndiye nyota halisi, na pengine siitendei haki kwa sababu macho yangu muda mwingi yalikuwa kwenye mlango wa pembeni nikisubiri mafagio. Majina yakaanza kupita. Taa hazikuwashwa. Tukaonyeshwa Superman ameketi mwezini na mbwa wake wakiitazama dunia, jambo ambalo halibadilishi chochote katika hadithi. Majina yakaendelea hadi mwisho kabisa, tukaonyeshwa pia Superman akibishana na shujaa mwenzake Mister Terrific kuhusu ufa wa jengo lililounganishwa vibaya. Na nani alikuwa ameegemea ukuta, fagio mkononi, akitabasamu kumtazama mbwa? Kijana wangu wa majina ya Wazungu. Nilipopita karibu yake nilimuuliza kwa nini leo wametuachia. Akanijibu kwa furaha, bila kunikumbuka, kwamba picha za mashujaa huwa zina kipande cha mwisho, kila mtu anajua.

Kwa hiyo mbwa mwezini alingojewa, na mzee wa bluzi aliyekuwa amebeba maana yote ya filamu alifagiwa pamoja na bisi. F1 ya Brad Pitt, ile ya mbio za magari, niliitazama humo humo katikati ya mambo haya na sina mengi ya kuisemea, injini zilinguruma vizuri na mzee akashinda kama bango lilivyokwisha kutuahidi.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa na shauri moja tu la kumpa msomaji, nalo ni kwamba asikanyage pale. Limenishinda. Nyumbani, kwenye kompyuta ya mpwa wangu, mwisho wa Sinners niliupata wote, lakini kile kipande cha Sammie akiimba na nyakati zote zikicheza pamoja kilitoka chembamba, besi haikuonekana ilikokwenda, na nilijikuta nikiongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Filamu hiyo ilistahili kioo kile na spika zile. Hilo ndilo jambo nililosema awali kwamba linaniudhi, kwamba wenye vifaa bora mjini ndio wasiojua wanachokionyesha. Basi nendeni. Someni mapema kama filamu ina kitu baada ya majina, kaeni vitini, msiinue mkoba hata taa zikiwashwa, na mkiulizwa mnamfahamu nani pale mtajeni Buddy Guy kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha mitambo. Mimi nitaendelea kwenda, lakini ile kuponi ya soda bado ninayo, sijaitumia na sitaitumia, kwa kuwa nikiitumia meneja atadhani tumemalizana.