Jicho na Sikio: Nani Fundi Zaidi?
Jicho hupokea mwanga na sikio hupokea mtikisiko wa hewa, lakini vyote viwili huugeuza msukumo wa nje uwe ishara ambayo neva huipeleka kwenye ubongo. Mwanga hupindwa kwanza na konea, utando angavu wa mbele ya jicho, hupita kwenye mboni na lenzi, kisha huangukia retina, utando wa nyuma ya jicho wenye seli zipatazo milioni 120 za mwanga hafifu na milioni 6 za rangi.

Sikio halina utajiri huo, kwani koklea moja, yaani mrija wa sikio la ndani uliojikunja kama konokono, ina seli-nywele, zile zinazohisi mtikisiko, 15,000 hivi tu. Hata hivyo, kwangu mimi ufundi wake unashangaza zaidi. Sauti hutikisa kiwambo cha sikio, nacho husukuma vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ni kifupa cha milimita 3 hivi ambacho husukumasukuma kidirisha cha koklea na kuyatikisa majimaji yaliyomo. Picha 24 kwa sekunde hulihadaa jicho likadhani linaona mwendo mmoja, ilhali masikio mawili hutambua sauti iliyotangulia upande mmoja kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde.

Lenzi yenye mtoto wa jicho hubadilishwa kwa upasuaji. Seli-nywele zilizouawa na kelele hazioti tena.