TRICARE Reserve Select: bei ni nzuri, ila chunga makato ya kila mwezi

Kwa askari wa akiba wa Marekani (Guard na Reserve), wanaovaa magwanda wikendi moja kwa mwezi na siku nyingine wako kwenye kazi zao za kawaida, ni vigumu kupata bima ya afya ya bei kama ya TRICARE Reserve Select, bima yao ya jeshi. Mwaka 2025 askari peke yake alilipa dola 53.80 kwa mwezi. Na familia, dola 274.48, awe na mtoto mmoja au sita. Sheria inamtaka askari abebe 28% tu ya gharama, nyingine ni za serikali. Hata hivyo, askari wa cheo cha chini cha E-4 mwenye familia anaona zaidi ya nusu ya malipo yake ya wikendi ya mazoezi yakiishia hapo.

Kabla ya kujisajili kwenye tovuti ya milConnect, hakikisha mke na watoto wameshaingizwa DEERS, daftari la jeshi la wanaostahili huduma. Asiyekuwemo humo hawezi kuandikishwa. Andaa pia malipo ya miezi 2 ya mwanzo kwa mkupuo. Kwa familia, mwaka 2025 ilikuwa dola 548.96, na huwakuta wengi hawajajipanga.

Udhaifu mkubwa uko kwenye malipo. Baada ya miezi hiyo 2 ada lazima ikatwe yenyewe, kwenye mshahara, benki au kadi. Kadi ikiisha muda, makato yanakwama na bima inafutwa. Una siku 90, kuanzia siku ya mwisho uliyolipia, za kuomba urudishwe na kulipa malimbikizo. Zikipita, unafungiwa nje miezi 12. Adhabu hii ni kali mno kwa kosa la kadi, hasa nyumba ikiwa na mjamzito au mgonjwa wa sukari. Januari 1, 2025 kampuni ya TriWest ilipochukua usimamizi wa TRICARE kanda ya Magharibi, waliokuwa wakilipa kwa kadi au benki walitakiwa kutoa idhini upya. Kwa hiyo kagua taarifa ya benki kila mwezi.

Mwajiriwa wa serikali kuu mwenye haki ya FEHB (bima ya afya ya waajiriwa hao), wakiwemo wa posta, haruhusiwi kujiunga na Reserve Select hadi 2030, hata kama hajajiunga na FEHB yenyewe.

Ukiitwa kazini zaidi ya siku 30, unahamia bima ya askari wa kudumu bila ada na Reserve Select inasitishwa. Ukirudi, jisajili upya mwenyewe. Meno hayamo, yana mpango wake na ada yake.