Taylor K-2006, kisanduku cha kupimia maji kilichomaliza ubishi wa bwawa letu (nyota 4 kati ya 5)

Nasimamia nyumba ya wageni Kigamboni, vyumba sita na bwawa la lita 60,000 hivi, na mwaka huu hilo bwawa limeninyima usingizi kuliko mgeni yeyote aliyewahi kulala pale. Lilianza na utelezi wa kijani kwenye ngazi, wageni macho yanawasha, halafu harufu ya klorini unaisikia tangu getini.

Sasa sikia ushauri niliopewa. Fundi wa jirani: klorini imezidi hiyo, we husikii harufu? Acha kuweka wiki nzima. Nikaacha, siku ya tatu bwawa zima likawa mlenda. Nikachota maji kwenye chupa ya maji ya kunywa nikapeleka duka moja mjini, foleni ya pantoni ile ya saa saba mchana, jua linapiga chupa, nafika wanachovya kijikaratasi wananiambia klorini sifuri bosi, chukua ndoo nyingine ya vidonge. Baadaye ndo nikajua klorini ikikaa juani inapotea, yaani walipima safari yangu sio bwawa langu. Duka la pili wakasema pH (kipimo cha ukali wa asidi majini) iko chini, weka soda ashi ipande, nikamwaga kilo zote walizoniuzia na maji yetu ya kisima huku pwani yana chokaa kibao, asubuhi nakuta bwawa jeupe kama tui la kwanza. Nikarudi palepale, wakaniuzia asidi ya kushusha walichopandisha wenyewe! Kuna mzee mmoja katunza mabwawa ya hoteli miaka na miaka, yeye akaniambia achana na hao mwanangu, weka mrututu. Mrututu unaua mwani kweli, ila shaba inabaki majini na mgeni mwenye nywele za njano akitoka na nywele za kijani mi ntamwambia nini.

Basi binamu yangu alikuwa anarudi kutoka Marekani, nikamwagiza hiki kisanduku, ikafika laki tatu na kitu. Mke wangu akauliza laki tatu za kupimia maji? Nikanyamaza.

Aisee. Tofauti na vile vijikaratasi, hapa unahesabu matone. Unachota maji mililita 10, unaweka unga kidogo, yanakuwa ya waridi, unadondosha tone moja moja huku unazungusha mpaka rangi ipotee kabisa, kila tone ni nusu ppm, yaani nusu ya sehemu moja kwa milioni. Hakuna kubishana kama hii ni pinki au pinki iliyopauka. Na inakutenganishia klorini huru, ile ambayo bado ina nguvu ya kufanya kazi, na ile iliyokwisha kuungana na jasho na mikojo ya watu. Yangu: huru 1.5, iliyoungana 1.5. Ile harufu inatoka kwa hiyo iliyoungana, kwa hiyo bwawa likinuka vile mara nyingi linadai klorini, sio limezidiwa. Fundi wa jirani hapo alinipoteza kabisa.

Ila kilichonimaliza ni kile kibomba chenye doa jeusi chini, cha kupima asidi ya siyanuriki, ile inayokinga klorini isiliwe na jua. Unamimina maji yaliyochanganywa na dawa mpaka doa lisionekane. Langu lilipotea mapema mno, yaani imepita mwisho wa kipimo ambao ni 100, nikayazimua maji nusu kwa nusu na maji ya bomba nikapata 60, maana yake 120! Wanataka iwe 30 mpaka 50. Ikiwa 120 klorini inashikiliwa, klorini huru inatakiwa karibu 9 ndo ifanye kazi, mimi nina 1.5. Na imetoka wapi? Kwenye vidonge vyao. Kila kidonge cha gramu 200 kwa bwawa langu kinaongeza karibu 2, mi naweka vitatu kwa wiki miezi mitano, piga hesabu mwenyewe. Dawa ya kuaminika ya kuiondoa hakuna, njia ya uhakika ni kumwaga maji. Nikamwaga theluthi mbili, maboza manne ya lita 10,000, na hiyo bili sitaki kuizungumzia.

Siku hizi natumia klorini ya chenga (kalsiamu hipokloriti, ile isiyo na siyanuriki) jioni jua likishazama, siyanuriki 40, klorini huru 3 mpaka 4, maji unaona skrubu za taa chini. (Ukihama kutoka vidonge kwenda chenga, usitumie kopo wala ndoo ileile, zikikutana zinaweza kulipuka.)

Nyota moja nimekata kwa sababu maelezo ni ya Kiingereza na herufi za sisimizi, rangi ya pH usiisome kwenye taa ya ndani utajidanganya, subiri mwanga wa nje, na dawa zenyewe za kupimia hazitaki joto, mi zangu nimeziweka kabatini chumba chenye AC kama insulini. Halafu chupa ya dawa ya kupimia siyanuriki inaisha upesi maana kila kipimo kinakula mililita 7. Yangu imebaki ya vipimo viwili, na binamu anarudi Desemba.