Tiranosauri au karkarodontosauri: nani mbabe?

Kijiweni kwetu Magomeni, ubishi wa Simba na Yanga ukituchosha tunahamia kwa dinosaria. Mpwa wangu ndiye mchokozi: "Mjomba, nani angemla mwenzake?" Hakuna. Walipishana kwa zaidi ya miaka milioni 25, karkarodontosauri Afrika Kaskazini, tiranosauri Amerika Kaskazini.

Kwa urefu wako karibu sawa, kama mita 12 hivi. Kwa uzito tiranosauri anaongoza, alikuwa na kiwiliwili kinene.

Utamu uko kwenye meno. Ya tiranosauri ni manene kama ndizi, kazi yake kuponda hadi mfupa. Ya karkarodontosauri ni bapa, kingo zake kama msumeno. Jina lake lenyewe maana yake mjusi mwenye meno ya papa. Mtazame muuza samaki wa Feri akipitisha kisu kwenye jodari: hapondi, anachana. Kwa kukata nyama, huyu wa Afrika ndiye fundi.

Kwa ushahidi, kapigwa vibaya. Chicago kuna tiranosauri aliyekamilika kwa takriban asilimia 90. Mabaki yaliyohesabiwa kuwa ya mwenzake yaliteketea Munich, Ujerumani, kwa mabomu mwaka 1944, ikabidi kusubiri hadi fuvu lake lilipopatikana Morocco mwaka 1995. Nadhani ndiyo maana amesahaulika, wala si unyonge.

Unataka mifupa ya kuchunguza? Shika tiranosauri. Una mtoto anayetaka kuchora jitu la bara lake? Mpe huyu wa pili. Mpwa wangu kamchora tayari, kampaka kijani na njano. Shabiki mmoja wa Simba kagoma hata kumtazama.