Matembezi ya Mashamba ya Chai, Tigoni: Njia Isiyo na Magari

Huduma ya matembezi inayowachukua wateja Nairobi asubuhi, ikawapitisha kwa miguu katika mashamba ya Tigoni, eneo la Limuru, na kuwarejesha jioni, inastahili sifa hasa kwa jambo ambalo tangazo lake halilitaji: magari na pikipiki haviruhusiwi kwenye njia hiyo. Mandhari yenyewe inajulikana na wengi, kwani Limuru ndiko chai ilikopandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1903. Kilicho adimu ni njia ambayo mtoto anaweza kutangulia bila mzazi kumshika mkono.

Mwanzoni pamesimikwa nguzo za chuma zilizojengewa kwa saruji, na ile ya katikati hufungwa kwa kufuli ili iweze kuondolewa. Mpango huo ni wa busara, maana hapa watu wanalima. Majani chai yaliyochumwa hayangoji. Yakilundikana hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani, kwa hiyo trekta ya kuyabeba ni lazima ipite. Wenye shamba wana ufunguo wao, na trekta ilipokuja mwongozaji alitusogeza kando, akatukumbusha kwamba sisi ndio wageni. Adabu hiyo ilinipendeza sana.

Faida ya kizuizi inaonekana ardhini. Udongo mwekundu wa Limuru ukilowa mvua ya masika hushindiliwa na magurudumu, ukaacha mifuo miwili ambayo maji huifuata kwa kasi mteremkoni na kuichimba hadi ikawa makorongo, na dereva anayekuja baadaye, akikwepa matope, hukanyaga safu ya chai. Hivyo njia hupanuka na shamba hupungua. Sehemu ya chini, iliyozuiwa vyema, ina nyasi pembeni na hukanyagika vizuri hata baada ya mvua.

Upande wa juu hauridhishi. Huko imelazwa boriti moja tu, na kando yake pamebaki nafasi inayotosha pikipiki. Waendeshaji wa bodaboda huitumia kama njia ya mkato, nami siwalaumu sana, kwa kuwa barabara ya kuzunguka ni ndefu na abiria anawahi kazini. Hata hivyo, udongo umekwisha kuchimbika, na wachumaji wenye vikapu mgongoni hulazimika kuruka kando wasikiapo honi. Kuziba nafasi yote kungemzuia pia mtu wa kiti cha magurudumu. Zingefaa reli mbili fupi za kuzuia njia, zinazopishana, zenye nafasi kati yake ya kutosha kiti kugeuka lakini si pikipiki, ambayo ni ndefu zaidi.

Nimewaandikia wahusika nikiomba sehemu ya ada yetu ijenge reli hizo kabla ya mvua za vuli kuanza Oktoba. Kwa sasa, wenye watoto wadogo waombe kuongozwa katika sehemu ya chini peke yake.